Dawa kwa Zamu

Mama yangu alikuwa na presha, na mimi ndiye niliyegawa dawa ya presha katika hospitali aliyotibiwa. Mtu akisikia hivyo husema, "Basi mama yako alikuwa na bahati." Nimeambiwa hivyo hata matangani, na mtu aliyeshika kikombe changu cha chai. Bahati gani? Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakumtaja mama wa mganga, lakini naye yumo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimerudi Nyeri baada ya kuzungushwa vituo vya mbali, nikapanga chumba mtaa wa Skuta, na kila asubuhi nilikwenda hospitali kufungua dirisha la dawa. Nilikuwa mkali, sifichi. "Yule mama wa dawa," watu walisema, "hata ukikohoa vibaya anakugombeza." Wacha waseme. Penye dirisha la dawa mtu akiwa mpole, wenye nguvu hupita mbele na ajuza hubaki nyuma na kikaratasi chake mkononi mpaka jua litue.

Mama alikaa kijijini kwetu, upande wa msitu, mahali mashamba ya chai yanapokoma na miti ya serikali inapoanza. Alikuwa mjane. Dada yake mkubwa alianguka jikoni akipepeta maharagwe, akafa kabla gari halijapatikana. Ilikuwa presha, na hakuna aliyejua. Kwa hiyo mama alipopimwa na yeye akakutwa nayo, niliapa kwamba huyu hatafuata njia ya dadake. Hospitalini nilikuwa na kazi nyingi, lakini moyoni nilikuwa na kazi moja tu: mama asianguke.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vya njano, vyenye ganda laini kama pipi. Ukianza kuvimeza huachi. Niliwaimbia wazee wimbo huo kila mwezi: presha haina likizo, haina Jumapili wala Krismasi. Ukimeza leo ukaacha wiki ijayo, inarudi na hasira zake zote. Nao walinisikiliza. Walikuwa wanawake wa kulima, wamezoea kwamba kazi isiyorudiwa kila siku huota magugu.

Halafu dawa ikaanza kupungua. Uhaba hauingii kwa kishindo. Unaagiza makatoni kumi unaletewa manne, ukiuliza unaambiwa ngoja kidogo. Lori lijalo linakuja na pamba na bandeji na ile dawa ya zambarau ya vidonda, na dereva anakwepa macho yako maana anajua utakachomuuliza. Mwezi unaofuata lori halifiki kabisa. Nilipiga simu bohari mpaka mwendesha simu akaijua sauti yangu, na kila mara nilijibiwa lilelile: wiki ijayo. Nami nikafungua dirisha nikawaambia watu wiki ijayo. Wee! Kuna kazi za aibu duniani, lakini kumwambia mgonjwa "wiki ijayo" huku unajua unadanganya, hiyo acha tu.

Mtu wa dawa hujifunza ufundi wa uhaba kama vile mama wa nyumba anavyojifunza kupika njaa ikiwapo. Unatazama kilichobaki, unauliza nani akikosa atakufa kwanza. Vidonge vile vya njano ndivyo vilivyotumika pia kwa wanawake waja wazito ambao presha imewapanda. Daktari mkuu aliniita ofisini, tukaketi tukatazamana. "Mja mzito akikosa, tunazika wawili," alisema. "Wazee itabidi wavumilie." Nilikubali. Sikuhitaji kusukumwa, nilikuwa nimeshaona mama mmoja akifa hivyo, na kichanga chake, na sikutaka kuona tena. Tukaamua kwamba wazee watapewa dawa ya wiki moja kila mwezi, wote sawa, bila mkubwa wala mdogo. Miongoni mwa wazee hao alikuwamo mama yangu. Daktari alijua, mimi nilijua, na hakuna aliyelitaja.

Siku ya kliniki nilitoka nje nikasimama mbele ya benchi. Mama alikuwa amekaa na wenzake wa kijijini, watano kwa jumla, wote wa presha, mikoba magotini.

"Dawa ni ya wiki moja," niliwaambia. "Mwezi ujao mtapata wiki nyingine. Na asikate mtu! Nasikia kuna watu wanakata vidonge, wengine wanawapa watoto wakiumwa kichwa. Nusu ya dawa si dawa. Mmenisikia?"

"Sasa hizo wiki zingine tatu tukule nini?" mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Kula ugali bila chumvi."

"Aka! Chumvi ndio iko, dawa ndio hakuna," alijibu, na benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Nakumbuka nilimtazama nikafikiri, huyu yuko sawa.

Sasa lazima niseme kidogo juu ya wanawake hao watano, maana bila hilo jambo hili haliwezi kueleweka. Baada ya uhuru, nyumba za kijijini kwetu zilikuwa bado za nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa haba kwa kuwa kila kipande cha ardhi kilikuwa kimelimwa. Wanawake wakaunda kikundi. Walilima mashamba ya watu pamoja, na walichopata hawakukigawanya. Walinunua mabati ya nyumba moja kwa ukamilifu, wakaezeka, wakaimba, kisha wakaanza kutafuta ya nyumba inayofuata. Walijua wakigawana kila mmoja atapata mabati mawili ya kufunika kuku. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo walivyosema, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Mama alikuwa mwenyekiti, na nyumba yake ndiyo iliyoezekwa mwisho kabisa. Mimi nilikua nikihamisha kitanda usiku kukwepa matone, huku nyumba za majirani zikimetameta.

Miezi ya uhaba ikaenda. Katika chumba cha kliniki kulikuwa na sista mmoja mcheshi aliyewapima wazee presha, na siku moja alinijia akiwa na mshangao. "Hawa wamama wa kwenu wananichanganya," alisema. "Mwezi uliopita mmoja alikuwa na presha ya msichana, wengine wote juu ya mlima. Leo yule wa msichana amepanda mlima, na mwingine ndiye ameshuka. Wanakula nini huko?"

Nilifikiri ni mkanda wa kupimia umeharibika. Nikampima mama mwenyewe. Ilikuwa juu sana, juu kuliko siku ile ya kwanza walipomgundua. Nikampima tena. Ilikuwa ileile.

"Mama, unameza dawa?"

"Nameza vile ulivyosema," alinijibu, akashusha mkono wa sweta.

Jumapili nilipanda kijijini baada ya kanisa. Nilimkuta jikoni anapukuchua mahindi. Sikungoja hata kuketi.

"Mama, kidonge cha mwisho umemeza lini?"

"Chai iko tayari."

"Sikuuliza chai!"

"Ala, kumbe leo umekuja na Kiswahili cha serikali." Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini nikikasirika Kiswahili cha kazini kilinitoka chenyewe, na yeye hakukosa kunicheka. Kisha akaniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake na ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Keti, mama. Nitakueleza."

Akanieleza, na alinieleza kwa fahari, kama mtu aliyeitatulia serikali shida yake. "Ulisema nusu ya dawa si dawa. Tulipofika nyumbani tukaketi hapahapa. Tukasema, kama nusu si dawa, hii ya wiki moja katika mwezi mzima ni nini? Si ni robo? Basi tukaziweka pamoja. Kila mwezi mmoja wetu anameza kamili, bila kuruka hata siku, vile unavyotaka. Watatu wamemaliza. Mwezi ujao ni wa jirani wa ng'ambo. Halafu mimi."

"Ngai!" Nilikaa chini. "Kwa nini wewe wa mwisho?"

"Mwenyekiti atangulie kula? Watu wataniona vipi?"

"Mama, hayo yalikuwa mabati! Nyumba ikingoja zamu haifi. Mwili haungoji! Na huyo aliyemeza mwezi mzima, akiacha, presha inarudi palepale ilipokuwa. Hamjaezeka kitu. Kila mwezi mnaezua tena!"

Akachukua gunzi jingine. "Na mimi nikimeza peke yangu," alisema, "na jirani anashikwa na kizunguzungu ng'ambo pale, nitalala?"

Nilipiga kelele. Nilisema maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomwingia. Aliniacha nichoke, akanimiminia chai. Nilikunywa nikiwa nalia kwa hasira, na yeye akanipangusa mashavu kwa kiganja chenye vumbi la mahindi. Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na kitu cha kumpa badala ya mpango wao. Dawa ya wiki moja haimkingi mtu mwezi mzima. Ningemwambia ameze ya kwake, halafu zile wiki tatu?

Huyo jirani wa ng'ambo ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya kijito, mkabala na letu, na wawili hao waliolewa kijijini msimu mmoja, wakazaa pamoja, wakafiwa na waume karibu pamoja. Mmoja akipika kitu kizuri mwingine alikinusa kabla hajaitwa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na alikuwa akilea wajukuu walioachwa na binti yake. Mama alikuwa na hofu naye kuliko nafsi yake, na hilo alinieleza wazi siku ile: "Yule akianguka, wale watoto wataenda wapi?"

Nilirudi mjini nikiwa kama mtu aliyeibiwa. Kuanzia siku iliyofuata nilianza kutafuta dawa kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Niliuliza hospitali za misheni, nikauliza vituo vidogo. Hatimaye mwenzangu tuliyesoma naye, aliyekuwa kituo cha afya upande wa Kianyaga, akanitumia neno kwamba vidonge vya njano anavyo kiasi, ila kwinini imemwishia, na watu wa kule chini kwenye mpunga wanamjia wakitetemeka kwa malaria. Mimi kwinini nilikuwa nayo. Kwetu kwa baridi malaria si nyingi. Daktari mkuu akaweka sahihi, nikapanda basi kupitia Karatina na katoni la kwinini magotini. Tulibadilishana mezani kwake kama wanawake wa soko, wewe nipe hiki mimi nikupe kile, na tukacheka, ingawa sote wawili tulikuwa tumekonda.

Nilivyovileta viliwatosha waja wazito, na wazee wakapata wiki mbili kila mmoja. Mama nilimpa mkononi, sawasawa na wenzake. Ningeweza kumzidishia. Funguo zilikuwa zangu. Sikumzidishia, kwa sababu katika foleni ileile kulikuwa na mama za watu wengine. Lakini nilimshika mkono kwa nguvu.

"Hizi ni zako," nilimwambia. "Umeze wewe. Si kikundi. Wewe."

"Nimekusikia, mama."

Kwetu mzee akisema "nimekusikia", ujue masikio yake yanafanya kazi, basi. Nilijua hivyo, na bado nilimwachia mkono, maana foleni ilikuwa ndefu.

Mwezi wa jirani wa ng'ambo ulikuwa umeanza. Sikuenda nyumbani Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine, kwa ajili ya zamu za kazi. Asubuhi moja ya katikati ya wiki, lori la kubeba majani ya chai likaingia lango la hospitali. Kila mtu alishangaa, maana lori la majani lina kazi yake na halina njia ya hospitali. Nyuma, juu ya magunia, walikuwa wameketi wanawake wa kijijini kwetu, vikapu vya chai bado viko mgongoni, na katikati yao mtu amelala amefunikwa shuka. Nilimtambua kwa miguu. Mtu huijua miguu ya mama yake.

Alikuwa ameanguka kwenye kituo cha kununulia chai, akingoja majani yake yapimwe. Aliegemea nguzo, wakadhani anapumzika, kisha mdomo ukaenda upande. Dereva hakuuliza mtu. Aliwaambia wampandishe, akaacha majani ya watu yakinyauka, akateremka na mlima.

Sindano ya kushusha presha ilikuwapo. Nilikuwa nimeitunza kwa siku kama hiyo. Daktari akamdunga mwenyewe. Presha ikashuka. Mkono wa kulia haukurudi, mguu haukurudi, na ulimi haukurudi.

Jirani wa ng'ambo alikaa kando ya kitanda na kikapu chake, hakutaka kukivua. Nilipomkaribia alianza kusema kabla sijafungua mdomo.

"Mwezi huu ulikuwa wangu," alisema. "Zile za kwetu zote ninazo mimi. Na zile ulizompa wewe aliniletea. Nilimwambia, kaa nazo, mtoto amezitafuta kwa taabu. Akasema zikae kwangu, lori likikosa tena zisinikatikie, na mwezi wa mtu haukatwi katikati."

Sista aliyekuwa karibu alimfunga mkanda akampima, kwa kuwa naye alikuwa mgonjwa wa presha. Presha yake ilikuwa nzuri kabisa. Sijawahi kuichukia presha nzuri namna ile. Nilimvua kikapu mgongoni, nikakiweka chini ya kitanda, nikarudi kazini, kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni na hakuna mwingine wa kuwahudumia.

Nikisimulia habari hizi, watu hungoja niseme kwamba najilaumu. Sijilaumu. Nusu ya dawa si dawa; lilikuwa neno la kweli na ni la kweli hata leo. Nina uchungu, na nina hasira na makatoni yaliyochelewa na wakubwa waliosema wiki ijayo. Viwili hivyo vinamtosha mtu mmoja.

Lori la bohari lilikuja mama akiwa bado wodini. Likaja limejaa. Wahudumu walishusha makatoni wakiimba, vidonge vya njano vikajaza rafu mpaka vingine tukaviweka chini ya meza. Nilifunga mlango, nikakaa juu ya katoni moja, nikalia.

Mama aliporuhusiwa nilichukua likizo nikahamia kijijini. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa na sauti moja tu iliyobaki, kama mtu aliyetaka kuita akasahau jina. Macho yake yalikuwa mazima. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kila asubuhi nilimtia kidonge mdomoni, nikafuatisha uji, nikamfuta kidevu. Nilikuwa nimeazima kipimo cha presha, nikawa nampima. Haikushuka. Siku baada ya siku, haikushuka. Nikaanza kuishuku dawa yenyewe. Nilisoma maandishi ya katoni mara nyingi, nikanusa vidonge, nikaviweka ulimini. Vilikuwa vizima.

Jirani wa ng'ambo alikuja kila asubuhi baada ya kukamua. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akimshika rafiki yake mkono ule uliokufa, akimpa habari za kijiji: nani amechumbia, ng'ombe wa nani ameingia chai ya nani. Mimi nilitumia nafasi hiyo kwenda kuchanja kuni na kuchota maji.

Siku moja nilisahau mtungi nikarudi. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona mama ametia vidole vya mkono wa kushoto mdomoni, anatafuta kitu huko ndani ya shavu. Akakitoa. Kilikuwa kidonge, kimelowa, rangi imeyeyuka, upande mmoja umebaki mweupe. Akamnyooshea rafiki yake.

Jirani aliponiona akaanza kulia. "Amekuwa akifanya hivi kila siku," alisema. "Nikikataa analia, anapiga kitanda. Sikujua nikuambie vipi." Akafungua fundo la kitambaa chake, na ndani yake nikaona vidonge vyote nilivyompa mama tangu tulipotoka hospitali, vimegandana kama mbegu za boga.

Nilipiga magoti, nikamwinamia mama sikioni. "Mama, dawa imekuja! Iko nyingi! Kila mtu ana yake, hata yeye ana yake! Hakuna zamu tena!"

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekudanganya ili usimchape. Nilikuwa nimemwambia miezi mingi kwamba dawa inakuja wiki ijayo. Kwa nini aniamini leo? Mkono wake haukushuka. Kidonge kilikuwa bado kati ya vidole, na alikuwa akimtazama rafiki yake miguu, ile iliyovimba.

Jirani akakichukua. Akakitia mdomoni mwake vilevile kilivyo, akameza. Kisha akachomoa mkebe wake mfukoni mwa aproni, akatoa kidonge chake cha siku hiyo, akasema polepole, "Haya. Mwezi wangu umekwisha. Huu ni wako."

Mama akafungua mdomo. Alimeza. Nilimwona koo likishuka. Alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Tangu siku hiyo sikumpa mama dawa tena. Jirani ndiye aliyempa, kila asubuhi, na kila asubuhi alimwambia kwamba huu ni mwezi wake, na mama akameza bila kuficha. Presha ikaanza kushuka. Nilithubutu hata kumwandikia sista yule wa kliniki kwamba mgonjwa wangu anaendelea vizuri. Lakini mishipa iliyokwisha kuharibika haikunisubiri. Alfajiri moja nilimkuta amenyamaza kwa namna ambayo nimeiona mara nyingi wodini. Alikuwa bado na joto shingoni.

Nilimfunika. Sikumwita mtu. Nilitoka nikateremka mpaka kijitoni, kwa sababu nilijua nani anakuja na sikutaka aingie mlangoni akakutane na hilo peke yake. Alikuwa anavuka, amejitwika kibuyu cha maziwa. Aliponiona nimesimama pale bila mtungi alielewa. Akatua kibuyu, akaketi kwenye nyasi zenye umande.

Niliketi kando yake. Akauliza, "Jana alimeza?"

"Alimeza. Ulimpa mwenyewe."

Akatoa mkebe, akaufungua, akachukua kidonge kimoja, akakiangalia kiganjani. "Na hiki?"

"Meza wewe."

Akatikisa kichwa. "Mwezi wake haujaisha."

Nilimshika mkono, nikaufunga juu ya kile kidonge, nikamfokea mbele ya mashamba yote. "Meza, mama! Nasema meza! Sizikwi na kuzika tena mwaka huu, umesikia? Meza!" Maneno yenyewe hayakuwa sawa, nililia tu.

Akameza, bila maji. Kisha akaniuliza kama nimeshamwosha, nikasema bado, akainuka, tukapanda pamoja kwenda kumwosha.